Taa ya tangi la samaki inapepesa: nitengeneze tyubu, niweke LED kwenye fremu ileile, au ninunue mpya?

BintiKatubuka
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 120 sebuleni, ndani mna samaki wa aina ya brichardi na Tropheus wanne. Maji ni ya ziwa hapahapa Kigoma. Taa ni fremu ya bati yenye tyubu mbili za futi mbili, wati 18 kila moja, za choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) na stata (kidude cha kuiwashia). Tangu juzi tyubu moja inapepesa, ncha zake zinawaka chungwa lakini haishiki. Jana niligusa bati nikahisi mkono unasisimka. Anayewalisha samaki ni mdogo wangu wa miaka kumi, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Bora njia ipi kati ya hizo tatu?

FundiMwanga
Dada, anza na huo mkono uliosisimka, mambo ya tyubu yatafuata. Usiiwashe tena, na mtoto asisogee hapo. Chomoa plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Soketi ikiwa imefungwa waya kinyume, swichi inakata nyutro na waya wa moto unabaki hai mpaka kwenye fremu. Kabla ya kutia mkono majini chomoa na pampu na hita. Testa isipowaka usiseme pako salama, testa hudanganya.

Kisha niambie: plagi ina pini ngapi?

BintiKatubuka
Mbili, fundi. Tunafungua tundu la juu la soketi kwa kalamu ndipo inaingia.

FundiMwanga
Basi fremu yako haina ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Ile pini ya tatu ndiyo inayopeleka umeme uliovuja ardhini. Bila hiyo, umeme unakaa kwenye bati ukisubiri mkono wa mtu. Isitoshe, plagi ya namna hiyo haina fyuzi ndani. Taa ndogo kama hiyo ilipaswa kuwa kwenye plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3, siyo 13.

Ugonjwa wenyewe: ncha kuwaka chungwa bila kushika mara nyingi ni stata iliyoganda. Ncha zikiwa nyeusi, tyubu imechoka. Ukisikia mvumo na bati linachemka, tazama choki. Stata ni rahisi kuliko vyote, hubadilishwa kwanza, plagi ikiwa mkononi mwako.

MvuviKibirizi
Naongeza la maji yetu. Tanganyika ni maji magumu, pH yake inafika 9. Yakiruka na kukauka yanaacha ukoko mweupe kwenye vishikio vya tyubu. Ukoko ule ukipata unyevu unapitisha umeme. Kwangu nilibadilisha tyubu mbili bure kabisa, kumbe vishikio vilikuwa vimeliwa na kutu. Ukivikuta hivyo, kuendelea kuitengeneza fremu ni kutupa hela.

MwalimuUjiji
Mimi nilichukua njia ya pili, LED ya umbo la tyubu kwenye fremu ya zamani. Mwanga mzuri, wati zimepungua karibu nusu. Yangu ilikuja na kipande cha kuweka mahali pa stata, na maelekezo yalikataza kuacha stata ya zamani. Lakini fremu za choki ya kielektroniki hazikubali hivyo, lazima fundi abadilishe waya.

Tyubu kuukuu msizivunje, zina zebaki. Ikivunjika, fungua madirisha, toka kidogo, kisha zoa kwa karatasi ngumu, usifagie.

FundiMwanga
Mwalimu, kwako sawa kama fremu ni nzima na ina ethi. Ila angalia: volti 230 bado zinapita sentimita chache juu ya maji. Hilo ndilo ninalolipima mimi kabla ya bei na kabla ya mwanga. Kwenye njia ya tatu, taa ya volti 12 yenye adapta, zile 230 zinaishia ukutani. Ikidondoka majini ni hasara ya taa. Chagua iliyoandikwa IP67, yaani isiyoingiza maji hata ikizama kidogo, na adapta iwe nzima na ya kuaminika. Itundike ukutani, isikae juu ya kioo wala sakafuni chini ya tangi. Waya uning'inie chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, tone likifuata waya lidondoke sakafuni.

Ukiweza, weka pia breka ya umeme unaovuja, ya miliampia 30, yenye kitufe cha kujaribia.

BintiKatubuka
Na samaki wakikaa gizani siku tatu nne?

MvuviKibirizi
Hawadhuriki. Tropheus hula mwani wa mawe na mwani unataka mwanga, lakini siku chache si kitu. Pampu ndiyo isikae muda mrefu bila umeme. Usilisogeze tangi dirishani, jua litachemsha maji.

BintiKatubuka
Nimerudi. Nimefungua fremu mezani, mbali na tangi. Vishikio viwili vina ukoko mweupe, kimoja kimeoza kabisa, na waya mmoja umechubuka ukagusa bati. Fremu nimeikata waya ili asije mtu akaichomeka. Nimenunua ya volti 12, fundi wa mtaani amenifungia plagi ya pini tatu kwenye pampu, na kalamu nimeitoa pale sebuleni. Fundi Mwanga, breka anakuja kuifunga Jumamosi.

FundiMwanga
Vizuri sana dada. Akishaifunga, mwambie abonyeze kile kitufe mbele yako, uone ikikata.