Binti wa miaka 13, nywele kasuka: nani aamue kichwa kinaoshwaje?

MWENYE MADA
Wakuu, nawaletea ugomvi wa nyumbani kwangu. Najua siko peke yangu, maana kila nikiusimulia, iwe kwenye daladala au msibani, mtu wa pembeni anadakia na wa kwao.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Shule yao inaruhusu kusuka twende kilioni, si kama sisi tuliosoma za serikali tukanyolewa vichwa kama mayai. Mama mkwe amekuja kutoka Pangani kukaa nasi wiki tatu. Jumamosi mtoto katoka bafuni, mtandio begani, maji yanamchuruzika shingoni. Bibi akamwita, akamkalisha kwenye kigoda, akapitisha kidole kati ya mistari miwili ya msuko, akakinusa. "Umelowesha nyasi, udongo mkavu."

Hapo pakawaka. Bibi anataka mtoto kila akimaliza hedhi afumue kichwa kizima, kwani josho, yaani kuoga kwa kujitoharisha, halitimii maji yasipofika kwenye ngozi, na aoshe kwa majani ya mkunazi kama alivyooshwa yeye. Mimi nasema msuko ni shilingi 5,000 na saa mbili za Jumapili, na shampuu ipo. Baba yake, macho kwenye mpira: "Mnyoeni, tulale." Mtoto akasema kichwa ni chake, akajifungia chumbani. Bibi akasusa chakula cha usiku, na pweza wa nazi alimwagiza mwenyewe!

Hoja yangu ni hii. Mtoto anayefunga Ramadhani nzima na kupika ubwabwa wa watu sita, aelekezwe kuosha kichwa mara moja au mbili, kisha aachwe. Kumkagua kwa kidole uani, wapangaji wanatazama, ni kumvunjia heshima. Mnasemaje?

BABA WA WANNE
Shemeji yuko sahihi, mnyoeni. Maji, sabuni, dakika tatu, amekwenda shule. Nyumba nzima mnagombania nywele ambazo mwakani zitakuwa nyingine.

MSUSI MBAGALA
Baba wa Wanne, kunyoa hakuondoi mba, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa ndiyo inayogawa mapunye mtaa mzima. Tuendelee.

Nasuka watoto miaka kumi na moja. Bibi kasema kweli juu ya udongo mkavu. Watoto wengi wakioga humwagia kopo juu ya msuko, povu likipita juu wanaona wamemaliza. Ngozi inabaki na jasho, vumbi na mafuta ya wiki mbili. Na mtoto akishaingia umri huo ngozi yenyewe inatoa mafuta zaidi kuliko alipokuwa darasa la tatu, kwa hiyo kuosha kule kule kwa zamani hakutoshi tena. Mama, hapo ndipo wengi mnapokosea: mnamwachia kazi mpya mkidhani ni ile ile ya zamani.

Fanya hivi. Chukua chupa ya plastiki ya maji, toboa kifuniko vitundu vitatu kwa sindano ya moto. Tia shampuu kidogo, jaza maji, tikisa. Mtoto aweke ncha ya chupa kwenye njia, kati ya mstari na mstari, akamue kutoka utosini kwenda kisogoni. Asugue kwa nyama ya vidole, kucha zikae mbali. Asuuze hata maji yatoke meupe, kisha asuuze tena. Akaushe kwa fulana kuukuu ya pamba. Na hili mlisikie vizuri: asifunge mtandio kichwa kikiwa kibichi. Ile harufu anayoinusa bibi aghalabu haitoki kwenye uchafu, ni unyevu uliofungiwa.

Jambo jingine, mnatumia maji gani?

MWENYE MADA
Ya kisima, yana chumvi. Na kwa kuwa umeuliza, mtoto anatumia sabuni ya mche. Shampuu ipo lakini baba yake anaificha, anasema inakwisha haraka.

MSUSI MBAGALA
Ndiyo hayo sasa. Sabuni ya mche kwenye maji magumu haitoi povu, inatoa utando. Ule weupe mnaouona pembeni mwa beseni ndio unaobaki kwenye nywele, mtu akadhani ni mba. Tena sabuni ya mche ni kali kwa kichwa: kipimo chake cha pH ni kama 9 hadi 10, na ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Nywele zinakakamaa, mtoto anachukia kuziosha, mnamwita mvivu. Wekeni dumu moja la maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho. Na shampuu itolewe mafichoni!

USTADHI MAGOMENI
Naingia kwenye suala la josho, maana naona linapitwa pembeni. Hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, iko kwenye kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim: alimwambia Mtume (rehema na amani zimshukie) kwamba yeye husokota nywele zake sana, je, azifumue kwa josho la janaba, lile la baada ya tendo la ndoa? Akajibiwa kwamba inamtosha kumimina maji kichwani mara tatu. Bibi atasema hiyo ni ya janaba, si ya hedhi, na hajakosea kuuliza: Mahanbali, wanaofuata madhehebu ya Imam Hanbali, wametofautisha, wakasema kwa hedhi afumue. Ila Waislamu wa pwani hii wengi ni Mashafii, wanaofuata madhehebu ya Imam Shafii, na kwa Shafii kipimo ni maji kufika. Yakifika ndani ya msuko, hakuna haja ya kufumua. Yasipofika ila kwa kufumua, atafumua.

Kwa hiyo bibi na mama hawapingani kwenye dini. Wanapingana kama maji yalifika.

SHANGAZI WA MUSCAT
Na hilo lajulikanaje pasipo kutia kidole?! Mnamsema bibi bure. Huku Oman unga wa mkunazi wauzwa dukani, wanawake kwa mabinti twaoshea nywele. Waukoroga na maji ya vuguvugu, watoa povu wenyewe, nywele zalainika, na hauchomi macho. Mmeuacha mti u uani mwakimbilia chupa za kutoka ng'ambo.

MWENYE MADA
Shangazi, mkunazi siupingi mimi, anaupinga mtoto. Mwaka jana aliona maiti ya bibi yake mwingine ikikogeshwa, na majani yale yale kwenye sufuria. Akisikia harufu yake anatoka nje. Bibi anasema ni deko. Mimi sioni deko hapo.

MLEZI WA KIGAMBONI
Niseme upande wa pili, maana mimi nilikuwa wa "mwacheni aoshe mwenyewe". Wangu wa miaka 11 aliosha mwenyewe kwa siri miezi mitatu. Kumbe kichwani kuna mabaka yanayotoa maganda, nywele zinakatika, anaficha kwa kofia. Nilipoona nikamsugua ndimu na sabuni mpaka akalia. Yalikuwa mapunye, ni ukungu. Daktari akanieleza dawa ya kupaka peke yake haiponyi kwa kuwa ukungu umeingia kwenye shina la unywele. Akaandikiwa vidonge vya wiki kadhaa. Sasa natazama kichwa kila Ijumaa. Chumbani, mlango umefungwa, na kwanza namwomba.

NILIKUWA HUYO BINTI
Naandika mara moja tu kisha natoka. Shangazi yangu alikuwa akiniosha nywele uani mpaka nina miaka 14. Ananiinamisha kwenye beseni, huku akiwaambia majirani nywele zangu za kipilipili zimemshinda kitana. Alikuwa ananipenda, simsemi vibaya. Lakini siku niliyopata hela yangu ya kwanza nilikwenda kunyoa kipara, na watu wakadhani ni fasheni. Dakika kumi za kuosha hazikuwa tatizo. Majirani ndio walikuwa tatizo.

BABA WA WANNE
Hata wewe uliishia kunyoa.

MSUSI MBAGALA
Baba wa Wanne, nenda kalale.

Mama, nimefikiria kitu. Twende kilioni haipaswi kukaa zaidi ya wiki mbili. Panga siku ya kufumua iangukie pale anapomaliza siku zake. Bibi anapata josho lake, wewe hupotezi 5,000 ya ziada.

MWENYE MADA
Ningepanga, ila siku zake bado hazijakaa sawa, mwezi mmoja tarehe 4, uliofuata tarehe 20. Na kumpangia msuko kwa kalenda ya hedhi maana yake nyumba nzima, na baba yake, wajue kila mwezi yuko wapi. Hilo nalikataa kabisa.

Mlezi wa Kigamboni kanigusa, nakubali. Nilisema aelekezwe kisha aachwe. Narekebisha: aachwe, ila aulizwe. Kidole cha uani bado nakipinga.

Niwape na yaliyojiri. Chupa nimetoboa, vitundu vikawa vikubwa, ya kwanza ilimwaga shampuu yote kwenye sikio. Ya pili imekubali. Bibi hataki hata kuitazama, anaiita bastola. Ustadhi, nilimsomea maneno yako, akasema Shafii hakuwa na mjukuu mvivu.

Jana usiku, bila kuambiwa na mtu, mtoto kafumua kichwa chote mwenyewe, kakiosha, kakikausha kwa fulana ya Simba ya baba yake, kalala nacho wazi. Asubuhi kajisuka mwenyewe mbele ya kioo. Mistari imepinda, kisogoni ameruka sehemu nzima.

Sasa bibi hazungumzii maji tena. Analalamika kwamba mtoto kasuka ovyo, na amekwisha kuweka kigoda uani.