Mrejesho: Watoto tuliwapeleka kujifunza kutengeneza jibini

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza kama watoto 12 tunaowasomesha nyumbani, wa miaka 6 hadi 13, wataweza kutulia kwa saa 3 wakijifunza kutengeneza jibini. Tumekwenda, na wametulia.

Ushauri wa kuwagawa makundi madogo, kila kundi na sufuria yake, ndio uliotuokoa. Maziwa yalipashwa moto hadi nyuzi 32, yakatiwa bakteria wa kuchachusha, baadaye renneti ya kugandisha, kisha kusubiri. Hapo ndipo nilipokuwa na hofu. Basi mwenyeji wetu akamwambia mdogo kuliko wote achomeke kidole kwenye maziwa yaliyoganda, akiinue taratibu. Yakapasuka mstari mmoja safi, na majimaji ya kijani-manjano yakajaa kwenye ufa. Watoto kimya! Ndiyo dalili kwamba yako tayari kukatwa.

Hesabu nayo ilijileta yenyewe: lita 10 za maziwa, jibini kama kilo 1. Binti yangu akauliza, "Mama, mengine yamekwenda wapi?" Tukayapima majimaji yaliyobaki kwa jagi, lita kwa lita.

Asanteni sana, hasa mliosisitiza watoto wasiwe watazamaji tu.