Familia ya Glazer na Manchester United: shabiki anayewapinga aendelee kukata tiketi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hii tuijadili bila matusi. Mashabiki wa Arsenal mnakaribishwa, ila kaeni nyuma.

Mei 2005 familia ya Glazer, matajiri wa Kimarekani, ilinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya hela hizo ilikuwa ya kukopa, na mikopo ya zaidi ya pauni milioni 500 ikatupiwa klabu yenyewe, klabu ambayo hadi hapo haikuwa inadaiwa. Yaani ulinunuliwa, kisha ukaambiwa bei jilipie.

Mashabiki wakagawanyika hapohapo. Wengine waliondoka na mwaka huohuo wakaunda timu yao, FC United of Manchester, inayomilikiwa na wanachama, kila mtu kura moja. Wakaenda kuanzia madaraja ya chini kabisa. Wengine walibaki Old Trafford, uwanja wa United, na hadi leo wanamwimba Glazer vibaya wakiwa wamekalia viti alivyowauzia yeye.

Msimamo wangu ni kwamba hao waliobaki ndio wamemweka Glazer mjini. Mwaka 2010, kumpinga Glazer, walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu. Uwanja mzima ukapendeza. Machi mwaka huo Beckham, nyota wetu wa zamani, alikuja na AC Milan, akaokota skafu moja akaivaa shingoni, halafu alipoulizwa akasema mambo ya umiliki hayamhusu. Mechi iliyofuata, viti vimejaa. Mwenye mali anapata hasara gani hapo?

Mdau, yuko Salford

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama nje ya huo uwanja. Mimi nikisusa, kiti changu hakibaki wazi hata wiki moja. Atakikalia mtalii, anunue na jezi na skafu ya nusu kwa nusu yenye rangi za timu zote mbili, na klabu itapata hela nyingi kuliko nilizokuwa nalipa mimi. Kususa kunafanya kazi kwenye timu inayohangaika kujaza uwanja.

Halafu umeruka jambo kubwa. Tarehe 2 Mei 2021, wiki mbili baada ya ile Super League, ligi ya klabu kubwa za Ulaya peke yao, United ikiwemo, kutangazwa na kufa, mashabiki waliingia hadi uwanjani na mechi ya Liverpool ikaahirishwa. Waliofanya hivyo ni watu waliobaki. Mtu wa FC United angeizuia mechi gani?

Mdau wa Mombasa

Nyinyi mwalaumiana bure. Mwaka 2012, klabu ilipopeleka hisa zake kwenye soko la New York, ilijitapa kwamba ina wafuasi milioni 659 duniani, kwa mujibu wa utafiti iliougharamia yenyewe. Uwanja wabeba watu kama elfu sabini na tano. Hao wengine ni nani? Ni sisi hapa, tulojazana bandani Jumamosi. Mdhamini aonyeshwa hiyo hesabu, naye atoa pesa. Glazer auza macho yetu, na sisi hatujaandamana hata siku moja.

Mdau wa Kariakoo

Mimi niondoeni kwenye hiyo hesabu. Jezi zangu zote ni feki, nimenunua Mtaa wa Kongo. Glazer hajaona hata senti yangu 😂

Mdau, shabiki wa Simba

Tukicheka, tujitazame pia. Huku kwetu mfumo unataka wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji achukue 49. Kuna Waingereza wangeitamani hiyo 51 kwa machozi. Lakini dirisha la usajili likifunguliwa, sisi wenye klabu tunafanya nini? Tunampigia kelele Mo Dewji, mwekezaji wetu, afungue pochi. Tukifungwa na Yanga, tunataka kujua mwekezaji yuko wapi. Asilimia tunayo, ila ada ya uanachama kuilipa kwa wakati ni kazi.

FC United nao wasitajwe kama malaika. Mwaka 2016, mwaka mmoja tu baada ya kufungua uwanja wao, wanachama waligombana na viongozi wao hadi viongozi wakaachia ngazi. Tofauti ni kwamba wao waliweza kuwatoa.

Mleta mada

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo hoja yangu yote, asante. Kiongozi mbovu wa FC United anatoka kwa kura. Glazer ameimbwa miaka ishirini, na alichofanya mwaka 2024 ni kumwingiza tajiri wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, na asilimia 27.7, kisha kubaki na usemi. Novemba mwaka huohuo tiketi za wanachama zilizokuwa zimebaki zikapandishwa hadi pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Watu waliokuwa wakimsubiri Ratcliffe kama mkombozi wakajikuta wanaandamana tena, safari hii mabango yana majina mawili.

Ndugu yangu wa Salford, ya 2021 nakupa. Ila ilifanya kazi kwa sababu mechi haikuchezwa. Skafu hazikuahirisha kitu.

Mdau wa Mombasa

Haya, nijibu moja bila kuzunguka. Sheikh Jassim wa Qatar alipotaka kuinunua yote mwaka 2023, kabla hajajitoa Oktoba, wewe ulikuwa upande gani? Mashabiki wa Newcastle walimchukia mmiliki wao, Mike Ashley, miaka kumi na nne. Ulipokuja mfuko wa uwekezaji wa Saudia kuinunua timu mwaka 2021, watu walicheza barabarani na vilemba vya taulo kichwani. Hakuna alouliza kuhusu kura.

Mleta mada

Nilikuwa upande wa Jassim. Alisema atalifuta deni.

Mdau, yuko Salford

Na angekupa kura?

Mleta mada

Hapana.