Keshibeki ya simu: masharti nimetimiza, sasa wananizungusha. Nimdai nani?

Nyuki Mkaidi

Heshima kwenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaoelewa mambo ya mikataba.

Mwaka jana nilichukua simu kwa mkataba wa miezi 24. Sikwenda moja kwa moja kwa kampuni ya mtandao, nilipitia kwa wakala anayeuza kupitia intaneti kwa sababu ndiye aliyekuwa na keshibeki: bili nalipa kamili kwa mtandao, halafu yeye ananirudishia nusu ya jumla kwa awamu 5. Nilipopiga hesabu hakukuwa na ofa iliyoikaribia. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Kila awamu unaidai kwa kutuma ankara ya mwezi waliokupangia, kwa posta, ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyo kwenye ankara. Awamu ya kwanza walilipa vizuri. Ya pili walilipa kwa mbinde. Ya tatu wamenijibu kwa barua pepe ya mistari miwili kwamba dai limekataliwa kwa kuwa nilichotuma "si ankara halisi". Wakuu, hiyo ankara halisi haipo! Mtandao unatuma PDF tu. Nimeichapa na kuituma vilevile kama nilivyofanya mara mbili za mwanzo. Ya nne nimetuma, kimya hadi leo. Nikipiga simu naambiwa msimamizi atanipigia, na huyo msimamizi naona hana simu.

Nimbane nani, wakala au mtandao? Naweza kusitisha kulipa bili mpaka kieleweke? Au ndiyo imetoka hiyo?

Kobe Hana Haraka

Imetoka mkuu. Mimi ofa yenye nyota ndogo pembeni naipita kama sijaiona.

Mama Wawili

Kobe usimkatishe mwenzio tamaa. Yalishanikuta, nikalipwa.

Nyuki, la kwanza kabisa: USISITISHE bili. Hapo una mikataba miwili. Mmoja ni wako na mtandao, wa huduma, na huduma unaipata. Wa pili ni wako na wakala, wa hizo pesa za kurudishiwa. Ukiacha kulipa, mtandao hautauliza habari za keshibeki. Watakata laini na kukudai miezi yote iliyobaki, jina lako litaingia kwenye rekodi za wadaiwa sugu, na wakala atapata kisingizio cha bure, maana karibu masharti yote ya keshibeki yanataka mkataba uwe hai na bili zisiwe na deni.

La pili, ule ukurasa wa ofa siku unanunua, uliuhifadhi?

Nyuki Mkaidi

Asante dada. Ukurasa sikuuhifadhi, ila nina barua pepe ya kuthibitisha oda yenye jedwali la awamu zote 5 na miezi yake. Masharti niliyapakua wiki iliyopita kwenye tovuti yao.

Karani Mstaafu

Hayo ya wiki iliyopita yaweke kando kwanza. Yanayokufunga wewe na wao ni masharti ya siku mliyokubaliana, na kuyabadilisha kwenye tovuti hakubadilishi mkataba wako. Waandikie wakupe yale ya tarehe ya oda yako, na ujaribu pia hifadhi za intaneti zinazotunza kurasa za zamani. Hiyo barua pepe ya oda ni mali, ichape leo.

Sasa hoja zako. Walipokea PDF ya kuchapwa mara mbili wakalipa. Hawawezi kuigeuka mara ya tatu bila hata kukutaarifu kabla. Na kama "ankara halisi" haitolewi na mtandao, basi wanakudai kitu ambacho hakuna mteja anayeweza kukileta. Sheria za kumlinda mlaji katika nchi nyingi zinamruhusu hakimu kulitupa sharti la namna hiyo, hasa likiwa limefichwa kwenye maandishi madogo.

Na usitishwe na anayesema ile ilikuwa "ofa tu ya matangazo". Kuna kesi ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka 1892 ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya mikataba anakutana nayo, ya Bi Carlill. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba atakayetumia kifaa chao cha kuvuta moshi kama ilivyoelekezwa na bado akapata mafua makali atalipwa paundi 100. Mama wa watu akatumia, akaugua, akadai. Wakasema lile lilikuwa tangazo la kunogesha biashara. Mahakama ya rufaa ikawaambia lipeni: mmeahidi, ametimiza. Wewe uko vizuri kumzidi, kwa kuwa una oda yenye jina lako.

Kobe Hana Haraka

Mzee, mtandao nao unasimama wapi? Wao ndio wenye pesa.

Karani Mstaafu

Kwa kawaida wa kudaiwa ni aliyeahidi, yaani wakala. Ila Nyuki aangalie nani kaandikwa kwenye ile oda. Kama ofa ilitolewa kwa jina la mtandao, mambo yanabadilika. Na malalamiko awapelekee hata hivyo, maana wao ndio wanaomlipa wakala kamisheni. Uingereza ofa hizi zilileta vilio hadi mdhibiti wao wa mawasiliano, Ofcom, mwaka 2009 akaweka kanuni zinazozitaka kampuni za mtandao ziwaangalie wauzaji wao, keshibeki ikiwemo.

Niliuza Simu Zamani

Nimeshakaa upande wa pili wa kaunta, niwape siri. Hesabu ya ofa hizi inategemea watu kusahau. Mtandao unamlipa muuzaji kamisheni ukishaunganishwa, naye anakuahidi sehemu ya hiyo kamisheni akijua wengi watapitwa na tarehe, watahama nyumba, watapoteza karatasi. Ndiyo maana awamu haziko mwezi wa 1, wa 2, wa 3. Wanaruka miezi makusudi.

Watu wakikumbuka wengi, ofa inamlemea mwenyewe. Hoover, kampuni ya vifaa vya nyumbani, Uingereza mwaka 1992 waliahidi tiketi mbili za ndege kwa anayenunua bidhaa za paundi 100. Watu wakamiminika, kampuni ikapoteza karibu paundi milioni 50. Ile ilikuwa kampuni kubwa. Wakala mdogo anafunga tu ofisi, na wewe unabaki kwenye foleni ya wadai nyuma ya mabenki. Kwa hiyo usikae mwaka mzima unabembeleza simu.

Mama Wawili

Kweli kabisa. Mimi nilichofanya: barua moja, kurasa mbili hazikufika. Tarehe ya oda, awamu ninazodai, kiasi, ushahidi wa kutuma, na siku 14 za kulipa, baada ya hapo nafungua madai madogo mahakamani bila kuwarudia. Nikaituma kwa rejesta kwenye anwani ya ofisi iliyosajiliwa, siyo lile sanduku la posta la madai. Simu nikaacha kabisa kupiga.

Kobe Hana Haraka

Mngewaanika tu mitandaoni.

Karani Mstaafu

Aandike yaliyotokea na tarehe zake, sawa. Akiwaita matapeli kabla ya hukumu atajikuta yeye ndiye anayejitetea.

Nyuki Mkaidi

Mrejesho, wakuu. Barua ilifika, risiti ya rejesta ninayo. Siku ya 9 wamelipa awamu ya tatu bila hata neno moja la "ankara halisi". Ya nne wanasema "inashughulikiwa", nimewajibu kwamba siku 14 bado zinahesabika. Mtandao nao umekiri kwa maandishi kwamba kwa mpango wangu hawatoi ankara ya karatasi, hiyo nimeibana na zile nyingine. Ya tano ankara yake inatoka tarehe 3.

Mama Wawili

Hiyo ya tano itume siku hiyohiyo. Na bahasha uipige picha kabla hujaifunga, PDF ikionekana ndani.