Nyimbo za wanyama kwa wapiga fidla wanaojifunza

Fidla_Upanga:
Habari za jioni ndugu zangu. Sisi ni wapiga fidla saba tulioanza kujifunza ukubwani, na kila Jumamosi hukutana nyumbani kwa mwenzetu hapa Upanga ili kubadilishana nyimbo za asili. Safari hii tumekubaliana kwamba kila mmoja alete wimbo wenye mnyama au ndege ndani yake. Naomba mnielekeze kwenye wimbo usiohitaji kuhamisha mkono shingoni mwa fidla, kisha mniambie kama mpigaji anapaswa kuiga sauti ya mnyama, au kufanya hivyo ni kuigeuza fidla kichekesho. Nilipojaribu kumwiga paka, watoto wa jirani walikuja dirishani kumtafuta.

Mzee_wa_Ilala:
Mwanangu, anza na kuku. Wapiga fidla wa milima ya Appalachia, Marekani, wana wimbo uitwao Cluck Old Hen, ambao hupigwa katika ufunguo wa A na hauusumbui mkono wa mwanafunzi. Mlio wa kuku hautoki kwenye upinde, bali hutokana na kuudonoa uzi mtupu, yaani usiobanwa, kwa kidole cha mkono wa kushoto, na kwa kweli sijui neno lingine la Kiswahili ambalo lingemfaa kuku kuliko hilo. Wengi huukaza uzi wa G upande sauti uwe A na uzi wa D uwe E, ili nyuzi mbili nene zirudie sauti za zile nyembamba kwa chini na fidla nzima ivume. Angalizo ni kwamba unyevu wa Dar huvifanya vigingi vya kukazia nyuzi vivimbe na kugoma, kwa hiyo zungusha kidogo kidogo. Mimi nililazimisha, uzi ukakatika na kunichapa shavuni.

Binti_Kariakoo:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kuhusu kuiga natofautiana nawe. Katika taarabu niliyokulia, njiwa, tausi na kasuku wamejaa kwenye mashairi, lakini fidla hailii kama njiwa hata mara moja, kwa sababu ndege yule ni fumbo na kila aliyeketi ukumbini anajua ametumwa kwa nani. Kazi ya fidla ni kumjibu mwimbaji, kuurudia mshororo wake kwa madoido na kutelezesha kidole kutoka sauti moja hadi nyingine kama koo linavyofanya. Ukimwiga ndege, umelifumbua fumbo kabla ya wakati wake. Hata hivyo, kaka wa Upanga asione haya kwa paka wake: Mwitaliano Carlo Farina alichapisha mwaka 1627 kipande cha fidla chenye paka, mbwa na kuku.

Mgogo_wa_Mbezi:
Nashangaa hakuna aliyelitaja zeze, ilhali nalo hupigwa kwa upinde na ni letu. Sisi Wagogo ni wafugaji, hivyo nyimbo zenye ng'ombe hazitaadimika. Mtafuteni mzee wa Kigogo aimbe kwanza, kisha fidla imfuate, kwa kuwa zeze limezoea kwenda pamoja na sauti ya mtu, kama alivyolipiga mwanamuziki wetu wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Jambo moja litawatatiza: sauti za muziki wetu hazilingani zote na za kinanda, na mojawapo huangukia chini kidogo ya pale sikio lenu linapoitarajia. Msiisahihishe. Fidla haina vizuizi shingoni kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kuifikia pale pale ilipo.

Fidla_Upanga:
Asanteni sana. Kuku nitamchukua mimi, na mwenzetu mwenye bibi Mpwapwa, huko Ugogo, amekubali kumpigia simu bibi yake leo hii. Mzee, kidole changu kidogo hakina nguvu ya kudonoa, nifanyeje?

Mzee_wa_Ilala:
Tumia cha pete, na uvute uzi kwa pembeni badala ya kuuinua.