Dawa ya meno ndo inatoa ukoga au ni mswaki wenyewe?

Muulizaji: Habari wakuu, naomba kueleweshwa. Juzi dawa iliniishia nikapiga mswaki na maji matupu, nilipomaliza nikapitisha ulimi kwenye meno nikakuta laini kabisa, ule utelezi wa asubuhi haupo. Sasa dawa kazi yake nini hasa? Maana mi siku zote najaza mswaki mzima nikiamini povu ndo linang'oa ukoga.

Mdau 1: Ulichokiona ni kweli mkuu. Ukoga ni bakteria walioshikamana wakajitengenezea utando unaong'ang'ania jino, povu haliuyeyushi, lazima usuguliwe. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti zilizolinganisha kupiga mswaki na dawa na bila dawa, wakakuta dawa haiongezi cha maana kwenye kuutoa huo utando. Povu ni sabuni tu iliyomo, tena kinywa kikishajaa povu unatema haraka unaona umemaliza kumbe hata nusu dakika haijafika.

Mdau 2: Jamani msije mkamfanya mwenzetu akaacha dawa kabisa!! Bakteria wakipata sukari wanatoa asidi, asidi inanyonya madini ya jino, na floraidi iliyo kwenye dawa ndo inasaidia yale madini yarudi. Hiyo mswaki mtupu hauwezi. Soma boksi, mtu mzima tafuta yenye floraidi kama 1350 mpaka 1500 ppm (yaani sehemu kwa kila milioni). Na ukimaliza tema tu usisukutue na maji, unaiondoa floraidi bure. Kujaza mswaki hakuna haja, kiasi cha punje ya njegere kinatosha, mtoto chini ya miaka 3 mpake kama punje ya mchele.

Muulizaji: Duh, kusukutua nilikuwa nafanya mara tatu nne. Asanteni sana. Ila mbona huku ndani ya meno ya mbele ya chini pagumu, nasugua hapatoki?

Mdau 1: Huo sasa ni ugaga, ukoga uliokaa ukaganda na madini ya mate, na hapo ndo unapopenda kwa sababu mate yanatokea chini ya ulimi. Mswaki hautoi hata usugue vipi utaumiza fizi bure, nenda kwa daktari wa meno akusafishe. Baada ya hapo laza mswaki kidogo uelekee kwenye fizi, jino linapoanzia, sugua polepole dakika 2 nzima, na katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno, mswaki haufiki huko.

Muulizaji: Sawa mkuu, wiki hii naenda.