Kompyuta ilinitabiria ubingwa mwezi Machi, nikaadhibiwa miezi mitatu kwa kombe ambalo sikulipata

Wakuu, habari za saa hizi. Najua humu wengi ni watu wa kabumbu, na uzi wa besiboli mtaupita kama mnavyopita nyuzi za ufugaji wa sungura. Naomba mnivumilie. Nina dukuduku la tangu Aprili 2024 na nyumbani wamegoma kunisikiliza. Mke wangu nikitamka tu neno "makadirio" anaongeza sauti ya TV.

Niko Kansas City, mwaka wa nane sasa, kazi ya ghala zamu ya usiku. Tuna ligi ya fantasi ya besiboli ya watu 12: Watanzania watano, Wakenya watatu, Wakongomani wawili, na Wamarekani wawili wa kazini ambao ndio walituambukiza ugonjwa huu. Mchango dola 100 kila kichwa. Watatu wa juu wanagawana, watatu wa mkiani wananunua mbuzi wa kufungia msimu. Hiyo ya mbuzi iwekeni akilini.

Kwa wasioujua mchezo: si kama fantasi ya Uingereza ambayo nyote mnaweza kuwa na Haaland. Huku mchezaji akishachukuliwa, amechukuliwa. Mwezi Machi tunakaa kwenye mnada, kila mtu ana dola 260 za bandia za kununulia wachezaji 23. Baada ya hapo timu zinashindana kwenye vipengele 10 msimu mzima, vitano vya wapigaji (homarani yaani kuupiga mpira hadi nje ya uwanja, besi za kuibwa yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, wastani wa kupiga na kadhalika) na vitano vya warushaji. Anayeongoza kipengele anapata pointi 12, anayeburura mkia 1. Ukiongoza kila kitu una 120. Ndiyo hesabu yenyewe, wazee wa New York waliianzisha 1980 mgahawani na haijabadilika sana.

Sasa sikieni ujinga.

Mnada ulipoisha, programu tunayotumia ikatoa kitu kinaitwa msimamo wa makadirio. Inachukua kila mchezaji uliyemnunua, inamkadiria atapiga homarani ngapi, ataiba besi ngapi, inajumlisha timu nzima, kisha inapanga ligi kana kwamba msimu umeshachezwa. Kwangu ilitoka hivi: nafasi ya kwanza, pointi 91. Wa pili 86. Nilipiga picha ya skrini, nikaituma kwenye kundi na vikaragosi vya kucheka. Kosa la kwanza la msimu.

Kwa sababu kamishna wetu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa amekuja na kitu anakiita Kanuni ya Usawa. Kanuni inasema: mpaka mechi ya Nyota Wote katikati ya Julai, foleni ya kuchukua wachezaji huru (wale ambao hakuna aliyewanunua mnadani) itapangwa kwa kupindua msimamo wa makadirio. Aliyetabiriwa wa mwisho anachagua kwanza. Aliyetabiriwa wa kwanza anachagua wa mwisho. Kila wiki. Na foleni haizunguki, hata ukikaa wiki sita hujapata kitu unabaki palepale mkiani. Juu ya hapo, timu nne za juu za makadirio zikitaka kubadilishana wachezaji na mtu, lazima ligi nzima ipige kura.

Yaani ni sawa na kuiambia Simba ianze ligi na pointi kumi pungufu kwa kuwa magazeti ya Julai yamesema itachukua ubingwa. Hivi hilo mngelikubali? Mngechoma viti.

Timu yangu ilikuwaje? Nilimnunua Ronald Acuña wa Atlanta kwa dola 56. Msimu wa 2023 jamaa alipiga homarani 41 na kuiba besi 73, akawa mchezaji bora wa ligi yake kwa kura zote. Nikamuongeza Spencer Strider, timu hiyohiyo, kwa dola 37. Mwaka 2023 alishinda mechi 20 na kuwatoa wapigaji 281 kwa straiki, hakuna mrushaji aliyemfikia. Halafu Mike Trout, mpigaji, kwa 18. Dola 111 kwa watu watatu. Mtasema nilikuwa na tamaa, hapo sina ubishi.

Strider alianza mechi mbili. MBILI. Tarehe 5 Aprili kiwiko kikaleta shida, wiki iliyofuata akapasuliwa, msimu kwaheri. Trout akafika mwisho wa Aprili na homarani 10, hakuna aliyemzidi nchi nzima, nikaanza kupumua, goti likapasuka. Mechi 29, basi, hakurudi. Tarehe 26 Mei nimeamka jioni kujiandaa na kazi, nafungua simu, Acuña ameanguka kule Pittsburgh peke yake, hakuna aliyemgusa, kano ya goti imekatika. Alimaliza na besi 16. Programu ilikuwa imemhesabia zaidi ya 50.

Ng'ombe wa maskini hazai.

Majeruhi ni majeruhi, hilo simlaumu mtu. Besiboli ina foleni ya wachezaji huru kwa sababu hiyohiyo: mtu wako akiumia unaingia sokoni, unatafuta kijana ambaye hakununuliwa Machi na sasa anawaka. Na mwaka 2024 soko lilikuwa limejaa! Ronel Blanco wa Houston, tarehe 1 Aprili, amerusha mechi nzima bila Toronto kupata pigo hata moja. Kwenye mnada wetu hakuna aliyetaja jina lake. Nikaweka ombi. Nipo wa 12 kwenye foleni. Akaenda. Jurickson Profar wa San Diego, tuliyemwona amekwisha, akamaliza na homarani 24. Nikaweka ombi. Akaenda. Paul Skenes akapandishwa na Pittsburgh tarehe 11 Mei, kila mtu anajua huyu mtoto ni moto, na kweli alimaliza na wastani wa kuruhusu mikimbio 1.96 kwa mechi (kwa mrushaji, ukiwa mdogo ndiyo vizuri). Nikaweka ombi huku nikijua ni kama kuomba mkopo bila dhamana.

Kinachoniuma kuliko wote ni Seth Lugo. Huyu ni wa hapa kwetu, Royals. Tulimwacha mnadani tukisema mzee wa miaka 34 atakuwa na nini. Akashinda mechi 16, wastani 3.00, akawa kati ya warushaji wazuri kabisa wa ligi ya Amerika mwaka ule. Ile wiki ya kwanza nilimwekea ombi. Nilikosa. Halafu mwezi Juni shemeji yangu akanipeleka Kauffman, uwanja wa Royals, kama zawadi, nikakaa juani na soda ya bei ya kilo mbili za nyama, namtazama Lugo anarusha kwa ajili ya timu ya mwingine, na aliyemchukua yuko viti viwili pembeni anakula hotidogi.

Mwanzoni mwa Juni nilikuwa wa 11. Sio makadirio, msimamo wenyewe, wa kweli. Wa 11 kati ya 12, na bado kwenye foleni ni wa mwisho kwa sababu mwezi Machi kompyuta ilisema mimi ni bingwa. Nikamwandikia kamishna kwa heshima zote, "Kaka, tazama jedwali." Akajibu, "Kaka, kanuni ni kanuni, makadirio yanaonyesha timu yako bado ina nguvu." Nguvu ipi? Watatu wangu walikuwa wanatembelea magongo!

Na hapa ndipo namna hayo makadirio yanavyofanya kazi inaponichemsha. Mtu akikwambia Acuña ataiba besi 55, hajasema ataiba 55. Amechukua yote yanayoweza kutokea, mazuri na mabaya, akakupa katikati. Ukijumlisha katikati za watu 23, timu zote 12 zinafanana kama sahani za harusi. Nililichungulia jedwali la besi za kuibwa la Machi: kati ya wa tatu na wa nane kulikuwa na tofauti ya besi 14. Kumi na nne! Mtu mmoja mwenye mbio anazimaliza kwa mwezi. Lakini ukishapanga 1 hadi 12, tofauti ya punje inageuka ngazi, na kamishna anaitungia sheria.

Tena kuna mtu anaitwa Tom Tango, amebobea kwenye hesabu za besiboli, aliwahi kutengeneza mfumo rahisi kupita yote: chukua misimu mitatu iliyopita, upe uzito zaidi wa karibuni, vuta kidogo kuelekea wastani, rekebisha kwa umri. Akaupa jina la tumbili, Marcel, maana alitaka kuonyesha kiwango cha chini kabisa cha akili kinachohitajika. Na mifumo mikubwa yenye mbwembwe haiupiti tumbili kwa mbali. Tumbili wa aina hiyo ndiye aliyenipanga foleni.

Na sisi wa Kansas City wa kufundishwa hili kweli? Mwaka 2015 mfumo maarufu wa makadirio, PECOTA, uliwapa Royals ushindi 72. Wakashinda 95 na kubeba World Series, ubingwa wenyewe wa besiboli. Mwaka 2023 hawahawa walipoteza mechi 106, mwaka 2024 wakashinda 86. Barabara za mji huu zilijaa watu wa kusherehekea kukosea kwa kompyuta, na kamishna wetu alikuwepo, ana fulana!

Mwezi Mei nilijaribu njia nyingine. Nilikuwa na Emmanuel Clase wa Cleveland, mrushaji bora wa kumalizia mechi mwaka ule, sevu 47 (mechi alizoingia mwishoni akalinda ushindi) mpaka msimu unaisha. Nikakubaliana na jamaa wa Nakuru: mchukue Clase, nipe mrushaji wa kuanza na mpigaji mmoja. Tukaridhiana, tukapeana mkono wa WhatsApp. Ikaenda kwenye kura. Ikakataliwa nane kwa tatu. Sababu iliyoandikwa kwenye kundi: "Timu ya kwanza haiwezi kuachwa ijiimarishe." Nilikuwa wa tisa siku hiyo.

Bingwa ni nani? Yule aliyetabiriwa wa 11. Mnadani alimchukua Shohei Ohtani, yule anayepiga na kurusha pia, kwa bei ya kutupa, maana alikuwa ametoka kupasuliwa kiwiko na msimu wote asingerusha, na kwenye kuiba besi hakuna aliyemtegemea: 2023 alikuwa na 20. Mwaka 2024 akaiba 59 na homarani 54. Kisha foleni ikamaliza kazi. Kimahesabu alikuwa wa pili kuchagua, ila aliyekuwa wa kwanza ni mmoja wa wale Wamarekani, ambaye tangu Mei hakufungua programu. Kwa hiyo huyu bwana alichagua kwanza karibu kila wiki. Blanco kwake. Skenes kwake. Lugo, mla hotidogi, ndiye huyohuyo. Kapata dola 700 na anatuma ushauri kwenye kundi kuhusu "kusoma soko".

Mimi nimemaliza wa kumi. Pointi 49 kutoka 91 za ndoto.

Nyongeza, saa tano usiku: Naona majibu. Anayeuliza kwa nini tusitumie mnada wa bajeti kwa wachezaji huru, kila mtu apewe dola 100 za bandia azigawe mwenyewe msimu mzima: ndicho nilichopendekeza Machi 2023, nikaambiwa ni vigumu kwa wazee kuhesabu. Wazee hao wanaendesha mchezo wa upatu wa dola 24,000.

Anayesema tumia msimamo halisi tangu wiki ya kwanza: wiki mbili za mwanzo msimamo nao ni kelele tupu, lakini afadhali kelele za mwaka huu.

Nyongeza ya pili: Kuna mwanaligi mwenzangu amejitokeza humu kwa jina la bandia (nakujua wewe, uandishi wako wa nukta tatu tatu) anauliza kama ni kweli nilipigia kura ya ndiyo Kanuni ya Usawa. Ndiyo. Nilipiga. Ilipita saba kwa tano sebuleni kwangu, pilau yangu. Mwaka wa 2023 nilikuwa wa tisa, nikajua kompyuta itaniweka chini na nitachagua mapema. Sasa umefurahi? Kanuni mbovu ni mbovu hata kama mjinga mmoja aliinyooshea mkono kwa tamaa. Na mkumbuke nilipiga kura kabla ya mnada, si baada.

Nyongeza ya tatu: Kamishna ameuona uzi. Ametuma ujumbe kwenye kundi, hajanitaja, kwamba Kanuni ya Usawa inabaki kwa msimu wa 2025 "kwa kuwa imethibitika inasaidia timu ndogo", na kwamba wa kumi, wa 11 na wa 12 tumepewa hadi Jumamosi ya wiki ijayo kuleta mbuzi. Ameambatanisha namba ya shamba.

Mbuzi silipi. Makadirio ya Machi yanasema mimi ni bingwa, na kanuni ni kanuni. Akamdai aliyetabiriwa wa kumi.